Vigae vya Ludovina

Tangu Ludovina Cárcamo azikwe mwezi wa nane, binti yake Uberlinda alikuwa akisikia mitalawanda, viatu vile vya mbao, ikitembea bustanini kila kunapopambazuka. Ko, ko, ko, juu ya mbao za kijia, halafu kimya, kama mtu aliyeinama. Hakuwa mwoga. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, aliyezaliwa kisiwani Chiloé, kusini mwa Chile, na kuzeekea kwenye mvua isiyojua sikukuu, hashtuliwi na kelele. Lakini hii aliijua: ilikuwa miguu ya mama yake.

Mama yake alikuwa na utaratibu wake. Jioni alitandaza vigae vya mbao, vilivyong'olewa kwenye paa la zamani, katikati ya matuta ya viazi. Konokono wasio na gamba, wale watelezi wanaotafuna machipukizi mpaka yakabaki vijiti, walijificha chini yake kukimbia mwanga. Alfajiri Ludovina alipita akiinua kigae kimoja kimoja, na bata sita waliomfuata nyuma wakafagia kila kitu. Sumu hakutaka hata kuisikia.

Sasa bata hawakuwapo, na konokono walifanya karamu. Majivu ya jiko aliyomwaga Uberlinda yalilowa yakawa uji, wakapita juu yake kama wako kwao. Aliwaokota kwa mkono, akawatia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, wala hawakuisha. Viazi vyeusi vya mama, mbegu ambayo Ludovina naye alipewa na mama yake siku ya harusi, vilibaki tuta moja tu. Tuta hilo likiliwa, mbegu ndiyo basi, na itakuwa imeishia mikononi mwa Uberlinda.

Asubuhi moja jirani yake, Zunilda, akaingia na bata wawili kwapani.

"Wewe, funga hilo lango niwaachie hawa. Wiki mbili tu, utamtafuta konokono kwa tochi."

"Sitaki bata, Zunilda."

"Hutaki? Unangoja konokono waje kukuposa?"

"Nimesema sitaki! Watakufa."

"Watakufa kwa lipi? Labda kwa kukuona umenuna hivyo."

Uberlinda akaketi kwenye ngazi ya mlango. 

"Wale sita niliwaua mimi," alisema.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka uliopita. Mama akiwa kanisani, alinunua dukani chembe za buluu, sumu ya konokono, akaziweka chini ya vigae, mahali bata wasipofika. Alitaka tu mzee wa miaka themanini apumzike kuinama mvuani. Akasahau kwamba anayeviinua vigae ni mama mwenyewe. Alfajiri Ludovina akafunua, akawaita bata wake, wakala. Kufika mchana, wote sita walikuwa chali.

"Nikamwambia ni ugonjwa," alisema Uberlinda, machozi yakimtoka. "Aliwalisha kwa mkono wake, nami nikanyamaza."

Zunilda aliwaweka bata chini taratibu.

"Alijua, dada. Aliziona zile chembe. Alinieleza wiki ileile."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ataniambia mwenyewe. Namngoja.'"

Miezi kumi. Miezi kumi walikaa meza moja, wakimenya viazi, wakisemezana habari za mvua na za majirani, na bibi yule anangoja.

Kesho yake mitalawanda ilipokuja, Uberlinda alitoka bila koti, akasimama kwenye mvua.

"Mama, ni mimi niliyeweka sumu. Nilikudanganya. Nisamehe."

Hatua zikakoma karibu na tuta la viazi vyeusi. Alisubiri mpaka nywele zikamganda usoni. Hakusikia kitu kingine.

Bata wa Zunilda walibaki wakila konokono, tuta likapona, na kiangazi alichimba viazi vya kutosha mbegu na vya kumgawia Zunilda. Mitalawanda haikurudi tena. Kila alfajiri Uberlinda hufungua mlango wa jikoni, akasimama kidogo, akatega sikio, kabla ya kwenda kuinua vigae. Kama alisamehewa, hakuna aliyemwambia.