Jina Lililoitwa kwa Kisikilizio

Saa tisa alasiri, jua bado kali, lakini mapazia yamefungwa. Laurentine Kabwe, fundi wa redio, anachovya vidole kwenye sahani ya pemba, ule udongo mweupe wa matambiko ya wafu, na kujipaka mikono hadi viwiko. Anapiga makofi mawili yasiyo na sauti, viganja vikigusana polepole. Ndipo anashika waya.

Mezani kuna kyondo, ngoma ya gogo lililochimbwa ndani. Chini yake amebandika, kwa gundi ya viraka vya baiskeli, kipaza sauti alichokitoa kwenye simu mbovu. Waya unaingia kwenye redio kaseti. Mkanda wa kaseti ameukata akauunga kuwa mviringo, ili pigo moja lirudi na kurudi, kila mara limechoka zaidi.

Yeye na rafiki yake Ngalula wamepiga hivyo matangani kwa miaka sita, spika kubwa ikiwa uani. Ngalula huita jina la marehemu kwa ngoma, mashine inalirudia.

"Vijana balikuwa banatucheka," anasema Laurentine. "'Mama Radio, mufu naye anataka courant ya umeme?' Miye nabajibu: 'Weye muzima, ya kwako unalipaka?'"

Mwaka huu wa 1992 hakuna anayecheka. Watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, wanafukuzwa majumbani mwao na vijana wa hapa, na wengi wanalala stesheni wakingoja treni. Ngalula ni mmoja wao. Laurentine amemficha chumba cha nyuma pamoja na ndugu zake. Mama yake Ngalula amefariki juzi, akazikwa haraka, bila kilio. Kesho Ngalula anasafiri.

"Nikienda bila kumuita, atabaki anazunguka-zunguka huku peke yake," anasema Ngalula.

Lakini jina la ngoma hutaja ukoo mzima. Likitoka nje tu, mtaa wote utajua nyumba hii inaficha nani.

Basi leo spika imezimwa. Kyondo kimefunikwa kitenge cha maua ya njano, na Ngalula anakipiga kwa ncha za vidole. Chumbani hakusikiki kitu ila pumzi. Jina lote limo ndani ya kisikilizio cha ile simu mbovu, kilichounganishwa na redio kaseti, kinachopita sikio kwa sikio.

Kinamfikia mama mdogo wa Ngalula, Bijou. Ukisikia jina la maiti wako likiitwa, mila inataka uitike. Mama wa watu anasahau yuko wapi.

"Eeeyo, dada yangu!"

Nje, miguu ya vijana iliyokuwa inapita inasimama. Mlango unagongwa.

"Mama Radio! Nani iko analia mule?"

Laurentine anaitazama mikono yake myeupe. Pembeni kuna beseni la unga wa mahindi wa kupikia bukari, yaani ugali, malipo ya redio aliyoitengeneza asubuhi. Siku hizi nani ana pesa? Anaizamisha mikono yote ndani ya unga, anafungua mlango kiasi cha uso wake tu.

"Ni radio, batoto bangu. Natengeneza, napika. Munataka bukari?"

"Radio gani inalia sawa muntu? Washa tusikie!"

Swichi ya kuwashia spika ni moja: kushoto mkanda, kulia redio. Akikosea, jina litatoka kwenye spika. Vidole vinateleza kwa unga na pemba. Anageuza kulia. Kwaya ya kanisa inaimba, ikikwaruza vibaya.

"Hii radio imezeeka kupita weye!" Wanacheka, wanakwenda.

Laurentine anafunga mlango na kuuwekea komeo.

Sasa Ngalula amekwisha kuondoka kwa treni. Kyondo kilikuwa kizito, amekiacha. Majina yote yamebadilishwa hapa, na mtaa haukutajwa, maana Laurentine bado anaishi palepale. Miguu ikipita nje, anainua chuma cha kulehemu na kungoja ipite. Ule mkanda wenye jina la mama yake Ngalula hajaufuta.

"Siku Ngalula anarudia huku," anasema, akiushika mkanda kwa vidole viwili, "nitaweka spika ku mulango, nitaongeza sauti mpaka mwisho. Jina itoke, ipite mu barabara yote. Na miye njo nitaitika wa kwanza."