Chupa ya Baba Mkwe

Ijumaa asubuhi nilimkuta mbwa wetu jikoni, jicho la kulia limegeuka rangi.

Si wekundu. Lilikuwa na ukungu wa bluu, na katikati limebonyea, kama kitu kilichoanza kuyeyuka.

Na aliyeliyeyusha ni mimi.

Naitwa Trudy. Tunaishi mji wa La Ronge, kaskazini mwa jimbo la Saskatchewan. Mume wangu Myron hukaa wiki mbili mgodini, wiki mbili nyumbani, na wiki hiyo alikuwa mgodini. Baba yake, mzee Orest, alihamia kwetu mwaka jana baada ya kufiwa na mkewe, Halyna. Alikuja na masanduku mawili na mbwa wa marehemu, mnene, mfupi, macho yametokeza nje kama ameambiwa habari mbaya. Jina lake Pirogi.

Mzee humwambia yule mbwa mambo ambayo hatuambii sisi.

Jumatatu Pirogi aliingia kwenye vichaka akifukuza sungura. Akatoka akifumba jicho moja, jekundu, machozi yanamchuruzika.

Jumanne nikapiga simu kwa daktari wa mifugo mjini Prince Albert, zaidi ya saa mbili kwa gari. Barabara siku hiyo ilikuwa barafu tupu, nami niliogopa kuendesha.

"Analifumba jicho?" akauliza dada wa mapokezi.

"Kidogo tu."

Uongo. Alikuwa analifumba kabisa.

"Kama analifumba, mlete leo leo. Macho hayasubiri."

"Aa, si sana. Nipangie wiki ijayo."

Nikakata simu, nikajiona mjanja. Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa. Duka la kwanza likataka cheti cha daktari. La pili hivyo hivyo. La tatu likataka hadi jina la daktari ili wampigie wenyewe.

"Matone ya jicho tu, mnanifanya kama nanunua bunduki!" nikaifokea kompyuta.

Ndipo nikaiona. Dirishani, karibu na kikombe cha mzee. Chupa yake ya matone. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho wiki mbili nyuma, na alitakiwa kutia mara nne kwa siku.

Nikajiambia, jicho ni jicho.

Nikasubiri mzee aende kuoga. Nikambana Pirogi katikati ya magoti, nikamtia tone moja. Akashtuka, mdomo wa chupa ukagusa jicho. Nikaufuta kwa shati langu, nikairudisha chupa pale pale.

Mniamini au msiamini, jioni wekundu ulipungua! Nikafurahi kama nimesomea udaktari. Jumatano nikaendelea, mara nne. Alhamisi, mara nne.

Ijumaa ndiyo hiyo niliyowaambia.

"Tunaenda," mzee alisema. Alikuwa ameshavaa koti, na ile miwani myeusi aliyopewa baada ya upasuaji.

"Baba, wewe pumzika tu nyumbani."

"Nimesema tunaenda."

Njia nzima alimpakata Pirogi. Mimi niliendesha, na nje baridi ilikuwa ya kukata masikio.

Daktari Friesen, mama mmoja mrefu asiye na maneno mengi, aliweka tone la rangi kwenye jicho la Pirogi, akamulika. Kidonda kikang'aa kijani, kipana, kirefu kwenda chini.

"Umemtia nini?"

"Maji ya chumvi."

"Kingine?"

"Hamna."

Akaizima taa. "Mama, nisikilize. Hiki kilianza kama mkwaruzo. Mkwaruzo hauli jicho kwa kasi hii bila msaada. Kama kuna dawa imeingia humu nahitaji jina lake sasa hivi, siyo kesho."

Nikatazama sakafu. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka.

Nikasikia kitu kimegonga meza.

Chupa.

Mzee alikuwa ameitoa mfukoni mwa koti.

"Hii," alisema. "Mara nne kwa siku. Tangu Jumanne."

Nilitamani ardhi inimeze. "Baba... ulijua?"

"Jumanne nilisahau taulo. Nikakuona."

Daktari akasoma chupa, akavuta pumzi. "Hii ni steroidi. Inatuliza wekundu, ndiyo maana ulidhani anapona. Lakini kwenye kidonda inazuia jicho kujiponya, na vijidudu vinapata karamu." Kisha akamgeukia mzee. "Na wewe umeendelea kuitumia chupa hii hii?"

Mzee akavua miwani.

Nikapiga ukelele. Jicho lake lilikuwa jekundu kama nyama, kope imevimba.

"Niliacha," alisema taratibu. "Ilikuwa inakaribia kuisha. Nikaona bora imtoshe yeye."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeona aibu. Na nilidhani inamsaidia, Trudy. Mbwa wa Halyna huyu."



Daktari hakutupa muda wa kulia. Alimpigia simu daktari wa macho mjini humo, mzee akaonwa mchana huo huo. Walisema kuiacha ile chupa kulimwepusha na uchafu wa jicho la mbwa, lakini kukatisha dawa ghafla kulirudisha uvimbe, na siku chache zaidi zingeweza kumgharimu uwezo wa kuona. Akapewa chupa mpya. Mwisho wa mwezi alikuwa anasoma gazeti.

Pirogi akalazwa. Walimtoa damu, wakatengeneza kutokana nayo matone ya kulisaidia jicho kupona, wakamtia pamoja na ya kuua vijidudu, kila saa, dawa moja ikipishana na nyingine kwa dakika tano. Wakamvisha koni shingoni asijikune.

Jumapili jicho likatoboka. Likatolewa.

Nilimwambia mzee mwenyewe, sikumwachia daktari. Akasema, "Siku nyingine ukiwa na hofu, njoo uniambie. Mimi nami nitakwambia."

Pirogi sasa anagonga viti upande wa kulia, tumevisogeza.

Ndugu zangu, mkwaruzo ule ulihitaji dawa sahihi na wiki moja tu. Nilikuwa na simu mkononi, na mtu aliyeniambia nimlete leo. Nikachagua uongo wa maneno mawili. Mnyama akifumba jicho, mpeleke siku hiyo hiyo, na dawa ya mtu iache kwa mtu wake. Na kama umeshakosea, taja jina la dawa kabla hujaulizwa mara ya pili.