Baba Kwenye Meza ya Tatu

Wenzake kazini walimpachika jina la Sifuri, naye akalizoea hadi akawa anaitika. Alikuwa mzungusha gurudumu kwenye meza ya tatu ya ukumbi wa kamari, zamu ya mchana, na wachezaji waliapa kwamba mkono wake una urafiki na lile shimo la kijani. Uongo mtupu. Gurudumu lilikuwa na mashimo thelathini na saba: kumi na nane mekundu, kumi na nane meusi, na moja la kijani lenye sifuri, na kigololi kiliingia kilikotaka chenyewe. Lakini mtu akishapoteza hukosi kumsikia akitafuta wa kumlaumu, na yeye ndiye aliyekuwa amesimama karibu.

Mle ukumbini hamkuwa na dirisha wala saa ya ukutani. Zulia lilimeza nyayo, feni zilinong'ona juu ya taa. Baada ya saa mbili za kusimama, Sifuri aliingia katika hali ya mtu aliye kati ya usingizi na macho, anaona kila kitu ila kwa mbali, kama anayetazama chini ya maji. Kigololi kilikimbia ukingoni kikiimba, kikachoka, kikarukaruka, kikatulia. Alikipenda kile kitambo cha kabla hakijatulia. Watu wazima na ndevu zao walibaki midomo wazi kama watoto, na hakuna aliyekuwa amepoteza chochote bado.

Wote walikuja na mahesabu yao. Mmoja alifuata tarehe za kuzaliwa za wanawe, na kwa kuwa wanawe walikuwa tisa, hakukosa cha kufuata. Bibi mmoja aliandika kila namba iliyotoka kwenye daftari la shule, miezi minane sasa, akingoja namba zijisaliti. Wengi zaidi walikuwa watu wa maradufu: weka moja kwenye nyeusi, ukikosa weka mbili, ukikosa weka nne, nane, kumi na sita, nyeusi ikitoka umerudisha zote na moja juu. Kwenye karatasi ni tamu ajabu. Karatasi haisemi kwamba mfuko una mwisho, na meza ina kiwango kisichovukwa, na kila mzunguko una mashimo kumi na nane ya kukupa na kumi na tisa ya kukunyima. Sifuri aliwahurumia, kisha akavivuta vipande vyao vya plastiki kwa reki yake ndogo, maana ndiyo kazi iliyompa mkate.

Nyumbani aliishi na baba mkwe wake, maana mumewe alikuwa fundi wa majokofu, wiki tatu safarini, moja nyumbani. Mzee huyo alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kupima malori kwenye mizani kubwa ya barabarani. Mtu wa kunyooka, kalamu mbili mfukoni, mwandiko wa kuwekwa kwenye fremu. Akikosea hafuti: anakata kwa mstari mmoja ulionyooka, anaweka sahihi fupi pembeni na saa, ijulikane nani kasahihisha na lini. Alifanya hivyo hata kwenye orodha ya sokoni, muuza vitunguu akabaki kuduwaa. Alimwita Sifuri "mkwe", kwa heshima na kwa umbali wake. Sifuri alimwita baba, na moyoni ilimuuma kidogo kwamba neno lake lilikuwa la karibu kuliko alilorudishiwa.

Kiinua mgongo kilipotoka, mzee alikuwa na jambo moja tu: mashine ya kusaga nafaka. Alikuwa ameshaiona, ameshaigusa, na muuzaji alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi. Bila ile mashine angebaki kukaa barazani kungoja chakula cha mwanawe, na hilo lilimtisha kuliko kaburi. Pesa zilipelea kidogo tu. Kumwomba mwanawe hakutaka. Akaanza kumuuliza mkwe maswali wakati wa chai.

Aliuliza kama ni kweli nyekundu yaweza kutoka mara saba mfululizo. Sifuri akasema hata kumi na moja ameona. Mzee akatabasamu kama aliyeokota kitu. Alieleza kwamba upande mmoja wa mizani ukizama sana, lazima mwingine urudi, na kwa hiyo baada ya nyekundu saba, nyeusi inadaiwa. Ulikuwa mkosi wa kazi yake: mtu aliyeishi na mizani miaka yote hiyo aliamini dunia nzima inajisawazisha.

"Gurudumu halikumbuki, baba," Sifuri alisema, macho kwenye kikombe. "Kila mara linaanza upya."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia mvua ya mtaa wa pili. Kumkatalia baba mkwe mara mbili ni kumvunjia heshima, kwa hiyo Sifuri alinyamaza, na baadaye alijuta kunyamaza huko.

Alhamisi moja mchana, nyekundu ilikuwa imetoka mara saba. Sifuri aliinua macho, akaona shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alidhani ni ule usingizi wake wa macho. Mzee hakumsalimu. Aliweka kipande kimoja kwenye nyeusi, bahasha ya kiinua mgongo ikiwa imekaa gotini.

Gurudumu likaenda. Nyekundu. Akaweka viwili. Nyekundu. Vinne, vinane, na mzee alikuwa akingoja mizani irudi. Akaweka kumi na sita. Kigololi kilizunguka polepole mno, au labda ni yeye aliyeona hivyo, kikapita nyeusi, kikapita nyekundu, kikaingia kwenye kijani. Sifuri alivuta vipande vya baba mkwe wake kwa reki, na mkono ukawa si wake. Mzee akafungua bahasha, atoe pesa za vipande thelathini na viwili ili apate faida ya kimoja.

Kulikuwa na kanuni: mfanyakazi akimwona jamaa yake mezani, aseme, na jamaa huyo hatacheza humo tena maisha yake yote. Sifuri alimwita msimamizi.

"Huyu ni baba," alisema.

"Ndiyo, mkaribishe baba," msimamizi akajibu kwa furaha, akavuta kiti vizuri, akaagiza soda. Mle ndani kila mwenye mvi alikuwa baba.

Sifuri aliona kwamba neno lilelile lililomheshimu ndilo lingemmaliza, na kwamba itabidi aseme lile jingine, mbele za watu.

"Ni baba mkwe wangu. Baba wa mume wangu. Mtoe."

Mzee alisimama, akafunga bahasha, akamfuata msimamizi kwenda ofisini kujaziwa fomu. Sifuri alizungusha gurudumu, kwa kuwa wengine walikuwa wakingoja.

Siku tatu mzee hakusema naye. Alikula, akashukuru hewa, akaingia chumbani. Sifuri alilia jikoni bomba la maji likiwa wazi, asisikike. Siku ya nne, wakati wa chai, mzee alianza kusema huku akitazama ukuta.

"Lori likija nalipima na mzigo. Likishapakua nalipima tupu, natoa uzito wake. Sijawahi kumla mtu kilo." Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Lile shimo la kijani ndilo lori tupu. Mnapima, hamtoi."

"Hatutoi, baba. Kila mzunguko."

"Mizani yenu si mbovu, basi. Imetengenezwa hivyo."

Akaongeza, bado kwa ukuta, kwamba amempigia mwanawe simu kuhusu zile pesa zilizopelea. Kisha akaondoka, na Sifuri hakujua kama amesamehewa au amearifiwa tu.

Kesho yake karani wa ofisi alimwita. Fomu ya Alhamisi ilikuwa na dosari, akasema, na karatasi ya namna hiyo haitakiwi kuchezewa. Msimamizi ndiye aliyeijaza. Mzee alitakiwa kutia sahihi chini tu. Karani akamwekea mezani.

Kwenye mstari wa uhusiano kulikuwa kumeandikwa "Baba mkwe". Neno la pili lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni palikuwa na sahihi fupi, na saa: tisa na dakika kumi, siku ileile, hata kabla hajatoka nje ya jengo.

"Sasa niandike lipi?" karani akauliza.

"Acha lilivyosahihishwa," Sifuri alisema. "Yeye hakosei."