Siku Nilipochemsha Ini la Ukweni

Mke wangu Tekla ameniruhusu kusimulia jambo hili kwa sharti moja, nisijipendelee, kwa hiyo naanza kwa kukiri kwamba aibu yote ilikuwa yangu na hakuna aliyenisukuma. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mbinga, mzaliwa wa Mapera, na siku ninayoisema nilikuwa nateremka ziwani, Ngumbo, kujitambulisha kwa wazazi wa Tekla, nikiwa na baba yangu mdogo kama mshenga. Sasa baba yake Tekla, mzee mvuvi asiyependa maneno mengi, alikuwa amemuuliza binti yake kwenye simu, "Huyo mwalimu anafundisha nini hasa?", Tekla akamjibu, "Anafundisha mambo ya seli za mwili," na mzee akasema, "Seli," kisha wakaendelea na habari za samaki. Hiyo "seli" moja iliniuma wiki nzima. Nikaona mzee lazima aone kwa macho yake kwamba binti yake haolewi na mpiga porojo.

Basi asubuhi ya safari nikapita maabara nikachukua kichupa cha peroksaidi, ile dawa inayotoa povu ukiimwaga kwenye kidonda, isipokuwa ya maabara ni kali mno na lazima uizimue kwa maji mengi kwanza. Gari lilikuwa linataka kuondoka, nikasema nitaizimua nikifika. (Sikuizimua.)

Tulipokelewa vizuri kuliko nilivyostahili. Mama Tekla alikuwa ametandika meza ya uani kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, samaki aina ya mbasa wanakaangwa, mbuzi amechinjwa. Nikatoa shikamoo zangu zote, baba mdogo akaanza kuzungusha maneno kama mshenga anavyotakiwa, na mimi, badala ya kukaa kimya kama mwoaji mwenye adabu, nikakohoa nikasema, "Samahani mama, naomba kipande cha ini, bichi."

Tekla aliniangalia kama mtu anayemwona mgeni amekalia sahani. Nyumba ile ini ni la mzee (meno yake hayawezi tena nyama nyingine), na mwoaji aliyeliomba kabla hata hajaulizwa ukoo wake hajawahi kutokea. Lakini mama hakutaka kuniaibisha, akaleta ini zima kwenye sinia, akaliweka mbele yangu, akasema taratibu, "Karibu, baba."

Nikakata kipande, nikakitia kwenye glasi, nikatoa kichupa changu, nikaanza somo. Nikawaambia kwamba kila tunapopumua na kutumia chakula, ndani ya seli zetu hujitengeneza maji makali kama haya, kidogo sana, na yakiachwa yanaichoma seli kama kutu inavyokula bati, ila kila seli ina walinzi wanaoyavunja yakawa maji ya kawaida na hewa, na ini lina walinzi wengi mno. "Tazama, baba," nikasema, nikamimina.

Povu halikupanda, lilichupa. Glasi ikafuka mvuke, ikapasuka, maji ya moto yakatapakaa kwenye kitambaa na kwenye vidole vyangu, baba mdogo akaruka nyuma na kiti chake, kiti kikavunjika mguu, na katika kuanguka akashika sinia, ini likaenda mchangani, na mbwa wa nyumba ile, aliyekuwa amelala muda wote kama hana habari na dunia, akaondoka nalo kuelekea ufukweni. Hakuna aliyemfukuza. Mzee alimtazama mpaka akapotea, kisha akanigeukia akasema, "Seli."

Nilitamani kurudi Mbinga kwa miguu. Vidole vyangu vilikuwa vimegeuka vyeupe kama chaki na vinauma, na nilikuwa navificha mapajani, lakini mama Tekla akaviona. Akaleta beseni la maji, akaketi mbele yangu, akanishika mkono (mkono wa mkwe, ambao kwa desturi hakupaswa kuugusa), akawa ananimwagia polepole kwa kikombe. Baada ya muda akauliza, bila kuniangalia, "Hao walinzi. Kuna mtu anazaliwa nao pungufu?"

Nikasema wapo, mama. Wapo watu ambao damu yao ina upungufu huo tangu kuzaliwa, wanaishi vizuri tu, hata wenyewe hawajui, mpaka siku wanapopewa dawa fulani fulani, zikiwemo baadhi za malaria, ndipo chembe za damu zinazidiwa na kuvunjika.

"Na mkojo?"

"Unakuwa mweusi."

Kikombe kikasimama. Akaniambia kuhusu Osmundi, mtoto wake wa kwanza, ambaye Tekla hakuwahi kumwona. Alikuwa na miaka minne, akapata homa, mama akampa vidonge vya malaria kama alivyoelekezwa, siku ya pili macho yakawa ya njano na mkojo kama kahawa, siku ya nne wakamzika. "Watu walisema nilizidisha," alisema. "Mimi nilivunja kidonge kwa kisu, nusu kwa nusu. Kila nikishika kisu nakikumbuka kile kidonge. Labda nusu moja ilikuwa kubwa."

Sikuwa na ujuzi wa kumwapia, nikamwambia ukweli huo. Mimi si daktari, mama, na hakuna wa kupimwa sasa. Lakini kama ilikuwa hivyo, hata nusu iliyo sawa kabisa ingemdhuru, na kosa halikuwa kwenye kisu chako.

Mzee alikuwa amesogea bila sisi kumsikia. "Hukuniambia ulikuwa unajilaumu," akasema.

"Hukuuliza."

Akachukua kile kikombe mkononi mwa mkewe, akaendelea yeye kunimwagia maji.

Posa ilizungumzwa jioni ile juu ya mbasa. Upungufu ule huenda kwa ukoo, kwa hiyo kabla ya harusi Tekla alikwenda kupimwa, na akakutwa nao kidogo, ule wa kurithisha zaidi kuliko wa kuugua. Watoto wetu nao tuliwapima mapema, na wa kiume ana kadi inayotaja dawa asizopaswa kupewa. Mimi niliapa kutobeba tena kitu cha maabara nje ya shule, na kutofundisha mtu ambaye hajaniuliza. Mkwe wangu bado ananiita Seli, mbele za watu, na naitika.

Ila wiki moja baada ya aibu ile Tekla alinipigia kuniambia mama yake ameonekana makaburini na jembe, peke yake, anapalilia kaburi dogo ambalo miaka yote alikuwa akituma watu wengine kulipalilia.