Mtu wa Chini ya Mnara

Kampuni yetu ya intaneti ilianzia Kitale, katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Hatukukua kwa kutafuta wateja. Tulikua kwa kununua majirani. Mwenye mtandao mdogo akichoka na biashara, tajiri wetu alimtembelea na kilo mbili za nyama, wakaongea, na akirudi jioni mnara ni wetu, nyaya ni zetu, wateja ni wetu pamoja na malalamiko yao.

Ndivyo tulivyoupata mnara wa Kiminini, na ndivyo nilivyompata mwenzangu. Alikuwa fundi wa yule aliyetuuzia, mtu wa Bungoma, mrefu, maneno hayamwishi. "Si mmeninunua pamoja na hii busta, bana," alinitania siku ya kwanza, akiupiga ule mnara kofi, "kama ng'ombe na kamba yake."

Alikuja na desturi ambayo sisi wa Kitale hatukuijua. Mmoja akipanda mnara, mwenzake hakai chini kuchezea simu. Anasimama mahali anapoonekana, macho juu, na kila baada ya kitambo anauliza kwa sauti: unaona nini? Aliye juu sharti ajibu. Naona mahindi. Naona paa la kanisa. Naona Mlima Elgon umejifunika mawingu. Akinyamaza, ujue kizunguzungu kimemshika, umwite ashuke. Jibu la mwisho kabla ya kuteremka lilikuwa lile lile siku zote: nakuona wewe. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto. Baadaye nilishindwa kupanda bila mchezo huo, kwa sababu mimi, fundi wa minara, naogopa kwenda juu. Hakuna aliyelijua hilo ila yeye.

Kisha kampuni ya Bungoma ikatununua sisi. Mla naye huliwa. Tulipewa soda na fulana mpya, tukaambiwa sasa sisi ni familia kubwa. Familia gani inaanza kwa kupunguza watu? Kila mji ulibakishiwa fundi mmoja. Mwenzangu, kwa sababu ya ulimi wake, alipelekwa Bungoma kupokea simu za wateja. Wengine walishukuriwa, wakaenda zao. Mimi niliachiwa Kitale na Kiminini, pamoja na mkanda mpya wa usalama.

Upweke wa ofisini nimeuzoea. Nachemsha chai kidogo, nakunywa nikitazama viti vitupu. Ule wa mnarani ndio ulionishinda. Mkanda ni mzuri, siusingizii. Lakini mkanda hauulizi kitu.

Majuzi upepo ulipindua dishi la Kiminini, nikapanda. Nilipofika juu woga ulinishika. Nikakumbatia chuma, siwezi kufanya kazi, siwezi kushuka. Mwishowe nilitoa simu kwa mkono mmoja, nikapiga ile nambari ya wateja kule Bungoma, maana kazini simu yake mwenyewe huizima, nikaichomeka ndani ya helmeti, nikiomba Mungu apokee yeye. Alipokea yeye.

"Asante kwa kutupigia. Tafadhali nipe nambari yako ya mteja."

Nilimwambia ni mimi, niko juu Kiminini, na nimeshindwa kushuka. Alikuwa ameshanieleza kwamba simu zao zinarekodiwa, msimamizi anazisikiliza, na anayepiga soga kazini anarudishwa nyumbani. Nyuma yake niliwasikia wenzake wakijibu simu, wote kwa maneno yale yale. Nilijua namponza. Sikukata, nilimhitaji.

"Ndugu mteja," akasema polepole, "hapo ulipo, unaona nini?"

Nikamwambia naona mahindi. Naona paa la kanisa. Mlima umejifunika. Kila nilipotaja kitu alijibu "sawa" kwa ile sauti ya ofisini, na kidogo kidogo nikaachia kile chuma. Nikalinyoosha dishi, nikalikaza, taa ya kijani ikawaka.

"Na sasa, ndugu mteja?"

Nikaangalia chini, mahali alipozoea kusimama. Palikuwa na nyasi na mkoba wangu wa vifaa. Nilitaka kulisema lile jibu la mwisho, nikaliacha, maana lingekuwa uongo.

Nikamwambia naona mtandao umerudi. Akanishukuru kwa kuwa mteja wao.