Shemeji Aliyengoja Eda Iishe

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa huko Myanga, Bungoma, mtu wa kuhimiza wengine wasameheane, ila watu wa babake hakuwasamehe. Babu alifia Kitale, baba akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Kaka za nyanya, Wabukusu wasiojua mzaha, walikwenda wakamchukua dada yao na mtoto, na baba akakulia kwa wajomba. Kwetu mtoto kama huyo huulizwa ukoo wake hata pale nyama inapogawanywa. Baba hakuujua wake. Alichojua ni kwamba babake alikuwa Mwislamu aliyetoka mbali, na kwamba alipokufa hakuna hata mmoja wa kwao aliyekuja kumjulia hali mjane.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa nafanya kazi Kitale, nikaanza kuulizauliza. Baba aliniwakia. "Ati unatafuta watu wenye walinitupa? Si walijua kwenye niko?" Lakini kila nilipofika nyumbani, kabla sijamaliza chai, alitaka kujua kama nimepata kitu.

Nilianza na kaburi, nikidhani nitakuta jina. Wapi! Makaburi ya zamani ya Waislamu pale ni matuta ya udongo yaliyoota nyasi, basi. Mzee mmoja anayeishi karibu na msikiti alinionea huruma.

"Kaburi halitakwambia kitu, mwanangu. Uliza ni nani alimwosha."

Maiti huoshwa na jamaa wa karibu, akiwapo. Babu, alisema, alioshwa na mdogo wake, fundi cherehani wa Malakisi.

Malakisi! Huko ndiko baba alikokuwa akiuza tumbaku tangu ujana wake.

Tulikwenda pamoja. Fundi alikuwa amekufa, hata mwaka haujaisha. Inaniuma mpaka leo. Mjane wake alimtazama baba usoni, akaanza kulia kabla hatujajieleza, kisha akatueleza yote. Wale ndugu wawili walikuwa Wanubi, waliotoka Bombo, Uganda. Baada ya mazishi shemeji hakukanyaga nyumbani kwa nyanya kwa sababu nyanya alikuwa amekaa eda, na kwao mwanamume hamsogelei mjane aliye katika eda. Alikuwa akituma unga na sukari kupitia kwa mke wa jirani, kimyakimya, bila jina lake kutajwa. Wajomba walipofika hawakuona mtu wa upande wa mume. Unga waliuona, wakamshukuru jirani. Nyanya wakamwondoa pale eda ikiwa bado haijaisha.

Ilipoisha, fundi alikwenda Kitale na nguo za mtoto alizoshona mwenyewe. Akakuta chumba kina mpangaji mwingine, na majirani wanajua tu kwamba mama yule amerudi kwao, Bungoma. Bungoma ni kubwa. Alitafuta mpaka akachoka.

"Na wewe, mwanangu, waliokulea walikwambia nini juu yetu?" mjane wa fundi akauliza.

"Waliniambia mlirudi Uganda," baba akasema. Sikuwahi kumsikia akidanganya kabla ya siku hiyo.

Tulipotoka aliketi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Nilimwambia hakuwa na njia ya kujua. Hakutaka kufarijiwa.

"Nimechukia huyo mtu maisha yangu yote," alisema, "na kitu alikosea ni kuwa na adabu."