Maji ya Kunawa Kabla ya Magharibi

Mama alipofariki tulibaki ndugu wanne katika nyumba ya vyumba viwili hapa Malindi. Baba alikuwa ametangulia zamani, kitinda mimba wetu akiwa bado hajajua kutambaa. Mimi ndiye mkubwa. Shule niliiacha nikiwa kidato cha kwanza, nikaingia kwenye kazi ya uwashi: kuchanganya simiti, kubeba mawe, mpaka nikapewa mwiko wangu mwenyewe. Dada anayenifuata alikaanga viazi karai kando ya barabara kila jioni. Mdogo wetu wa kiume alikuwa sekondari, na kitinda mimba, wa kike, alikuwa darasa la nne.

Hatukuwa tukilala njaa. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wengi walidhani ndiyo shida yetu. Chakula kilikuwapo, ila kilikaa ndani ya sufuria na kila mmoja alikijia kwa wakati wake. Dada alipika adhuhuri, akafunika, akaenda kumenya viazi vyake. Yule kijana wa sekondari alipakua akala huku macho yakiwa kwenye simu. Mimi nilirudi kutoka kazini nikala nimesimama, maana nilijua nikikaa sitainuka. Kitinda mimba alibeba sahani yake akaenda kula barazani kwa jirani, kwa sababu huko kulikuwa na watu.

Hapo barazani ndipo shangazi alipomkuta siku aliyokuja kutoka Mtwapa kutujulia hali. Aliingia naye ndani amemshika mkono, akaitazama sufuria, akavitazama viatu vilivyotapakaa mlangoni. Shangazi yetu si mtu wa kufoka. Alisema tu kwamba nyumba imekuwa kama stendi, watu wanapita, na kwamba shule zikifungwa atakuja kumchukua mtoto akakae naye. Nikamjibu sawa shangazi. Ni dada yake baba, na alivyoiona nyumba ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alikuwa amesimama pale pale anasikia.

Siku zilizofuata nilijenga kuta za watu huku nikijiuliza nyumba yetu ilikuwa na nini wakati wa mama ambacho sasa haina. Mama naye alikuwa mtu wa pirikapirika, mwuza samaki, hakuwa na muda kutuzidi sisi. Nilichokikumbuka ni kunawa. Sinia likishawekwa mkekani, jagi na beseni vilizunguka, na hakuna aliyegusa chakula mpaka mikono ya wote imelowa. Mtu anayenawishwa hawezi kushika kitu kingine. Anakaa, ananyoosha mikono, anangoja maji.

Nikamwambia dada turudi kula pamoja, sinia moja. Alinitazama kama nimemwambia nataka kununua eropleni. Alisema Magharibi ndiyo saa ya wateja wake, akiikosa viazi vitalala. Tulibishana sana, mwisho tukapatana tule mara tu nikitoka kazini, kabla hajawasha jiko lake, wakati wenzetu ndio kwanza wanakunywa chai. Jirani alipotuona tumezunguka sima na mchuzi wa ng'onda, samaki mkavu, jua likiwa bado linachoma, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Nyinyi mnafuturu kwa saa ya Bombay, huko jua limeshatua?"

Mwanzo ulikuwa mbaya. Kijana alikuja mkekani na simu, akaificha chini ya goti. Dada alikula kama anayekimbizwa. Tena kwa desturi yetu mdogo ndiye huwanawisha wakubwa, basi jagi nilimpa kitinda mimba. Alilishika, kisha akaliweka chini.

"Mgeni hanawishi watu," alisema. "Na mimi si wa hapa tena."

Hakuna aliyemkemea. Dada aligeuza uso ukutani. Mimi nililichukua lile jagi, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia anyooshe mikono. Nikammiminia polepole. Alivitazama vidole vyangu vilivyochubuliwa na simiti, akaniuliza kama vinauma. Nikamwambia kidogo. Akaninyang'anya jagi akaninawisha na mimi, kwa uangalifu kuliko nilivyomnawisha yeye.

Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyewanawisha wote watatu, na yeye akaninawisha mimi mwisho. Ilikuwa kinyume cha desturi, lakini tuliizoea. Sheria ya simu sikuitangaza, ila mikono iliyolowa haipendi simu, na kijana akaanza kuiacha dirishani mwenyewe. Kati ya maji na tonge la kwanza watu walianza kusema. Dada alituigizia mteja anayetaka ukwaju mwingi kuliko viazi. Kijana alitueleza anavyokohoa mwalimu wake wa hesabu kabla ya kumwita mtu ubaoni. Kuna siku tulikula kimya tukaondoka. Kuna siku zege la slabu lilinichelewesha, wenzangu wakala bila mimi, maana tulipatana kwamba hakuna wa kukaa na njaa kwa ajili ya kungojana.

Shule zilipofungwa shangazi akaja, na mkoba mtupu wa kutilia nguo za mtoto. Alifika tunatandika mkeka. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa nasi. Nilipoinuka na jagi akaniinulia kidole.

"Baba, tangu lini mkubwa akanawisha watoto? Wamekuzoea hawa."

"Wamenizoea, shangazi," nikasema, nikamsogezea beseni.

Mikono yake ilipokuwa chini ya maji niliona nisipolisema wakati ule sitalisema kamwe.

"Shangazi, nakuomba usimchukue. Tunamtaka hapa."

Alimaliza kunawa kwanza. Kisha alisema kwamba siku ile nilimjibu sawa, naye akaondoka akiamini mzigo umenichosha na naona haya kusema. Akamgeukia mtoto, akamwuliza yeye mwenyewe anatakaje. Mtoto alikuwa anangoja zamu yake, mikono mbele. Alisema Mtwapa anataka kwenda, lakini kwa likizo tu. "Halafu unirudishe."

"Tena nikurudishe? Mimi dereva wako?" shangazi akasema. Dada akaangua kicheko, na tukala.

Waliondoka asubuhi yake, mkobani mna nguo chache tu. Jioni nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba kimya. Dada alikuwa ameshaanza kumenya viazi. Kutandika mkeka kwa watu watatu niliona ni kujisumbua, nikaenda jikoni nikafunua sufuria, nimesimama. Kijana alitoka chumbani, akapita nyuma yangu. Nikasikia jagi linajazwa.

"Kaeni," alisema.

Tukakaa. Akapiga magoti, akaanza na dada.